Siku Niliyopewa Pole kwa Kifo Changu Mwenyewe

Nimewahi kupewa pole kwa msiba wangu mwenyewe. Nikaipokea, nikasema ahsanteni, nikaketi kwenye kiti cha wafiwa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka, chapati mkononi.

Najua mnasema mzee huyu kashaanza kuchanganyikiwa. Ngojeni kwanza. Nina miaka sabini na moja, naishi Tandika, presha ninayo lakini akili zangu ni timamu, na haya yamenitokea mwaka huu huu.

Jina langu Mwinjuma Pazi. Nilikuwa mtunza ghala kule Kurasini mpaka nikastaafu. Lakini kijiweni kwetu, pale tunapokunywa kahawa, hakuna anayenijua kwa ghala. Wananijua kwa mgodi.

Maana zaidi ya miaka arobaini nimekuwa nikiwahadithia habari ya Chokaani.

Chokaani ni kimji kilicho ng'ambo ya vilima vya Pugu. Zamani palikuwa na machimbo ya udongo mweupe, ule wa kutengenezea sahani na vikombe. Mwaka sabini na sita shimo liliporomoka. Na mimi, kwa mujibu wa mimi mwenyewe, niliingia mle ndani mara tatu nikatoa watu kumi na mmoja, wawili nikiwa nimewabeba mabegani kwa pamoja.

Mwanzo walikuwa saba. Lakini hadithi ikikaa sana inazaa.

Mwanangu Mudathir amekulia ndani ya hadithi hiyo. Mke wangu Mauwa, Mungu amrehemu, kafa akiiamini. Na mjukuu wangu Lulu, wa darasa la tatu, anaijua kichwani kuliko jedwali la kuzidisha.

Lulu ndiye mchumba wangu. Kwetu babu na mjukuu ni watani, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na huyu wangu ni mke mwenye wivu. Nikisifia maandazi ya jirani ananuna mpaka magharibi.

Sasa mwezi wa tano mwalimu wao akawapa kazi. Kila mtoto aandike habari za shujaa wa familia yao, aisome mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

"Mume wangu," Lulu akaniambia, "nimekuchagua wewe. Ila mwalimu anataka tuende tukaone wenyewe. Twende Chokaani."

Moyo ulinilipuka paa!

Maana ukweli, ndugu zangu, ni huu. Siku shimo linaporomoka mimi sikuwepo. Nilikuwa juu ya lori la mkaa, naelekea Dar, nimekumbatia redio. Habari za shimo nilizisikia siku ya tatu, nikiwa Temeke, kutoka kwa dereva mmoja. Na tangu siku ile sijawahi kukanyaga Chokaani tena.

Nikasingizia goti. Mudathir akasema, baba, tunakwenda na gari. Nikasingizia presha. Lulu akaenda kwa jirani nesi, akarudi na kipimo.

Nikajipa moyo. Miaka karibu hamsini, nani atakuwa hai wa kunikumbuka? Nikasema haya, twendeni.

Kumbe Mudathir naye alikuwa na yake. Huyu mwanangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, na ni mtu asiyeweza kwenda hata kunyoa bila kuunda kamati na kushona sare. Akachukua picha yangu ya ujanani, nimevaa shati la kola pana, akaipeleka kwa fundi wa fulana pale Tandika.

Fundi hakuwa na muda wa kubuni. Akachukua mchoro aliokuwa nao tayari kwenye kompyuta, akabandika picha yangu katikati. Mawingu. Njiwa wawili. Ua la waridi. Chini yake maandishi: SHUJAA WETU MWINJUMA PAZI, CHOKAANI 1976.

"Babu umependeza," Lulu akasema. "Uko mbinguni."

"Hayo mawingu ni urembo tu," Mudathir akajibu, anavaa yake.

Nikaivaa na mimi. Ningefanya nini? Tukaingia kwenye Noah, watu watatu, sare moja, hotipoti la chapati na mchuzi.

Tumeipita Pugu, tumeacha lami, tumekula vumbi jeupe kama saa moja hivi. Chokaani imebaki nyumba chache za bati, kantini iliyoezuliwa paa, na kinamama wawili njiani wanauza vijiti vya udongo vya wajawazito. Nikafurahi. Mji kama huu hauna kumbukumbu, nikajisemea.

Nikafungua hotipoti, nikatoa chapati, nikashuka garini.

Mwanamume mmoja wa makamo, shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni, alikuwa amesimama kwenye geti la machimbo. Akatuangalia. Akaangalia fulana. Akasoma jina, midomo inacheza. Halafu akavua kofia.

"Jamani," akasema kwa sauti ya chini. "Ndugu wa marehemu. Hatimaye mmekuja."

Kabla sijameza tonge, kashanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mzee. Poleni sana. Poleni mno."

"Marahaba. Ahsante," nikajibu. Mtu ukipewa pole unaitikia, mdomo haungoji akili.

Huyo alikuwa Bwana Kamugisha, mtu wa Bukoba. Alikuja kufundisha pale, akastaafu, akaona mji hauna cha kuonyesha wageni, akaunda Kamati ya Urithi wa Chokaani na kujipa ukatibu. Akapiga filimbi. Dakika kumi hazikupita, viti vya plastiki vimeshapangwa, watu kama ishirini wamekuja na nyuso za msiba, na sisi watatu tumeketishwa mbele.

"Baba," Mudathir akaninong'oneza, "hawa wanamlilia nani?"

Kabla sijamjibu, Kamugisha alishaanza.

"Kimsingi," akasema, "mwaka 1976, saa nne asubuhi, shimo namba mbili liliporomoka. Wachimbaji wote walikuwa wametoka kunywa uji. Lakini kijana mmoja, Mwinjuma Pazi, akadhani kuna wenzake wamebaki. Akarudi ndani peke yake. Hakutoka tena."

Akanyoosha mkono. Kwenye mlango wa shimo, uliozibwa kwa kifusi, lilisimama jiwe la saruji lililopakwa chokaa.

Lulu ana tabia ya kusoma kila kitu anachokiona, hata karatasi ya kufungia vitumbua. Akainuka, akalisogelea, akasoma kwa sauti.

"Hapa amelala Mwinjuma S. Pazi. Aliyewapenda wenzake kuliko nafsi yake."

Akageuka.

"Babu, hapa umelala wewe?"

Watu ishirini walinikazia macho. Kamugisha akaangalia picha kwenye fulana, akaangalia uso wangu, akarudi kwenye fulana.

Na mimi, mtu mzima, mwenye mvi na mjukuu, nikafungua mdomo nikasema:

"Mimi ni mdogo wake. Nilirithi jina."

"Aaaah!" wakaitikia wote, wakaanza kunipa pole upya.

Lulu peke yake hakusema aaah. Alikuwa ananitazama. Anajua kabisa mimi ni mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yangu, nimemwambia mwenyewe mara mia. Nimeshadanganya watu wengi maishani, lakini sijawahi kutazamwa vile, na nilitamani kweli kweli ningekuwa ndani ya lile shimo.

"Mwiteni mjane," Kamugisha akaamuru. "Aje amsalimie shemeji yake."

Mjane!

Hapo sasa ndipo pale nilipokuwa nikiparuka tangu mwanzo wa hadithi. Nilipokuwa Chokaani nilikuwa na mke. Tulikaa miezi mitatu tu. Anaitwa Mwanakombo.

Akaja anatembea kwa fimbo, kanga mpya, miwani. Watu wakasimama kumpisha. Huyu bibi kumbe ndiye malkia wa mji. Mgeni yeyote akifika, yeye ndiye anayemwelezea habari za shujaa.

Akasimama mbele yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shemeji?" akasema.

"Naam, shemeji," nikaitikia. Jasho linanitiririka mpaka kwenye njiwa.

"Mmefanana na marehemu, mashallah. Ila marehemu alikuwa anaogopa mende. Wewe je?"

Watu wakacheka.

"Na akiongopa alikuwa anajikuna sikio. Hivyo hivyo unavyojikuna wewe."

Nikaushusha mkono.

"Naomba nizungumze na shemeji yangu faragha," akawaambia watu. "Mambo ya familia."

Tukaenda kukaa kwenye baraza la kantini. Mudathir akabaki nyuma, kashaanza kupiga picha jiwe. Lulu akanifuata. Nikamwambia arudi kwa baba yake.

"Mwache," Mwanakombo akasema. "Wewe mtoto ni nani kwake?"

"Mke wake," Lulu akajibu, kifua mbele.

"Ehee! Basi wewe ni mke mwenzangu. Kaa hapa, mke mwenza. Tuna mume mmoja, tujue na tabia zake."

Nikaanza kulia. Sioni haya kusema. Nikamwambia Mwanakombo nisamehe, sikujua kama mlidhani nimekufa.

"Walidhani," akasema. "Mie sikudhani."

"Ulijua?"

"Bwana wee, asubuhi ile si umenitamkia talaka kwa mdomo wako, ukabeba redio ukaondoka? Nilikuona dirishani unadandia lori. Nikasema haya, nitakaa eda yangu ya talaka, ikiisha narudi kwa mama. Saa nne nikasikia kishindo. Saa sita wanaume wanakuja kwangu wamevua kofia, mbele yao Shomari, analia."

Shomari alikuwa rafiki yangu. Sasa hivi ni marehemu, marehemu wa kweli.

"Alilia nini, na yeye anajua sikwenda kazini?"

"Ndiyo hapo! Asubuhi jina lako lilipoitwa, si aliitikia yeye? 'Yupo!' Mlikuwaga mnaitikiana kila siku, nyie. Shimo limeanguka, wanahesabu watu, wote wako nje isipokuwa Mwinjuma, na daftari linasema Mwinjuma yupo. Angesema nini? Angefukuzwa kazi. Akasema kakuona kwa macho yake unarudi ndani kuokoa watu."

Haya ndiyo malipo ya kuitikiana majina. Unamsaidia mwenzio asikatwe siku, anaishia kupata kaburi.

"Na wewe ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Kabla sijafungua mdomo wanawake wameshanivua hereni, wameniketisha mkekani. Nikafikiri. Nikaona mwanamke aliyeachwa kwenye ndoa ya miezi mitatu anaulizwa alikosa nini. Mjane wa shujaa anaulizwa amekula nini. Nikalia na mie."

Lulu alikuwa ameshatoa daftari, anaandika.

"Eda yangu ya talaka iliisha kama mwezi wa tatu," Mwanakombo akaendelea. "Watu wanahesabu ya kifo, miezi minne na siku kumi. Nikawamalizia na hizo zilizobaki, ndani, bila wanja, bila kwenda hata kwenye ngoma. Kwa ajili ya uongo wenu, bwana, wewe na Shomari. Nilipotoka, Shomari akawa anakuja kila wiki kuniomba radhi. Akaomba radhi mpaka akanioa. Tumezaa watano."

Akamgeukia Lulu.

"Sasa mke mwenza, muulize mumeo aliniachia nini. Maana mie mpaka leo sijui."

Lulu akanielekea, kalamu tayari.

"Babu, ulimwacha kwa nini?"

Ningeweza kutunga. Midomo ilishajipanga. Nilikuwa na uongo mzuri kabisa, wenye mganga ndani yake. Lakini yule mtoto alikuwa ananisubiri, na nilijua nikimdanganya mara ya pili leo, sitakuwa na mjukuu tena. Nitakuwa na mtoto tu anayenipa shikamoo.

"Uji ulizidi chumvi," nikasema.

"Kwa sababu ya chumvi?"

"Hapana. Chumvi nilisingizia." Nikamtazama machoni. "Niliogopa shimo, mchumba. Nilifanya kazi mle ndani siku kumi na moja tu, nyingine zote Shomari aliniitikia. Kila nikiingia, giza lile, miguu inakataa. Nikaona haya kumwambia mke wangu naogopa. Nikatafuta ugomvi ili niondoke kama mtu aliyekasirika. Sikumwokoa mtu yeyote. Hata mmoja."

"Hata wale uliowabeba mabegani?"

"Hata wale."

Mwanakombo akashusha pumzi. "Siku kumi na moja," akasema. "Ungeniambia, Mwinjuma. Mie na mama yangu tungekutafutia kazi ya kantini."

Hayo maneno yaliniuma kuliko matusi yote ambayo ningestahili.

Nikainuka. Nikasema sasa yaishe. Nikaenda moja kwa moja kwa Kamugisha, mbele ya jiwe, nikamwambia kila kitu. Kwamba mimi si mdogo wa marehemu, mimi ndiye marehemu. Nikamwonyesha na kitambulisho cha taifa.

Akakisoma mbele na nyuma. Akanivuta pembeni.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "naomba tuelewane. Wewe umekufa kihalali."

"Niko hai, Bwana Kamugisha!"

"Kimsingi sikatai. Lakini kifo chako kimepitishwa na kikao. Muhtasari upo, umesainiwa. Kukufufua ni lazima tuitishe mkutano mkuu, na tangu tuunde kamati, akidi haijawahi kutimia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaomba uendelee kama ulivyo. Mwezi ujao tuna wageni kutoka mkoani, wanakuja kuweka shada la maua. Tukisema marehemu yuko Tandika anakunywa kahawa, watayaweka wapi?"

Nikamtazama Mudathir anisaidie. Mwanangu alikuwa kaduwaa, simu mkononi. Halafu akasema, "Baba, kiukweli jiwe limetoka vizuri sana kwenye picha."

Wakaniletea kitabu cha wageni. Kwenye safu ya uhusiano, Kamugisha mwenyewe akaniandikia: mdogo wa marehemu. Nikatia saini. Mwanakombo akatuaga, akamkumbatia Lulu muda mrefu, mimi akanipa mkono tu, nami nikaona nimependelewa.

Njiani Lulu aliegemea dirisha, daftari kifuani. Hakuniita mume wangu wala babu.

Wiki mbili zikapita. Siku ya kufunga shule ikafika, na balaa ni kwamba nilishawaalika wazee wote wa kijiweni tangu mwanzo. Wamekuja kanzu zimepigwa pasi, wamekaa safu ya mbele, wanasubiri watu kumi na mmoja watolewe shimoni.

Lulu akapanda jukwaani. Akafungua daftari.

"Shujaa wa familia yetu," akasoma, "ni Bibi Mwanakombo wa Chokaani. Yeye ni mke mwenzangu. Alikaa ndani miezi minne na siku kumi kwa sababu ya uongo wa babu yangu na rafiki yake, na hakuwasema kwa watu."

Safu nzima ya kanzu iligeuka ikanitazama.

Akasoma yote. Lori la mkaa. Redio. Chumvi. "Yupo!" ya Shomari. Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akafuta macho. Nilitamani kuondoka, lakini nikajiambia, Mwinjuma, ulishawahi kuondoka mara moja. Kaa.

Nikakaa. Na ndiyo maana nikasikia mwisho wake.

"Babu yangu alikuwa muoga," Lulu akasoma. "Aliogopa shimo. Halafu akaogopa kusema kwamba aliogopa, hiyo ikachukua miaka arobaini na tisa. Lakini nilipomuuliza mimi, aliniambia siku hiyo hiyo. Sasa hivi ameketi pale mbele na hajakimbia."

Akafunga daftari. Akanitafuta kwa macho.

"Mume wangu, simama watu wakuone."

Nikasimama. Makofi niliyopigiwa siku ile sijawahi kupigiwa hata nilipokuwa nimeokoa watu kumi na mmoja.

Siku hizi kijiweni wananiita Marehemu. "Marehemu, sogeza kashata." "Marehemu, leo umelala vizuri?" Nimezoea. Kule Chokaani nasikia wageni walikuja, wakaweka shada, na Mwanakombo aliwahutubia nusu saa nzima.

Mnataka funzo? Sina kubwa. Uongo ukiusema kwa watu wazima, utaishi nao vizuri tu, maana na wao wana wa kwao na hawataki kuchokonoana. Lakini mtoto anayekupenda atataka kwenda kuuona ulipo. Basi kama una shimo ulilolikimbia, mwambie mwenyewe, mapema, kabla hajakuvalisha fulana ya mawingu akakupeleka.